Bembezi za Majengo ya Nyeri: Nani Anayeambiwa?

Katika vitabu vya fasihi simulizi vinavyosomeshwa shuleni na vyuoni mwetu, bembezi hupewa nafasi ndogo kuliko aina nyingi nyingine za nyimbo. Mwanafunzi huambiwa kwamba bembezi ni wimbo mfupi wenye lugha nyepesi, unaoimbwa na mama au mlezi ili mtoto anyamaze na kulala. Huonyeshwa mfano mmoja, akatakiwa ataje dhima mbili tatu, na somo likaisha hapo. Mara nyingine bembezi hutiwa katika fungu moja na nyimbo za watoto, zile za michezo na za kuhesabu, kana kwamba mtoto anayebembelezwa na mtoto anayeruka kamba ni wasanii wa aina moja.

Makala haya hayakusudii kuikanusha fasili hiyo yote. Yanahoji sehemu moja tu, nayo ni dai kwamba anayeambiwa maneno ya bembezi ni mtoto. Kwa maoni yetu mtoto mchanga huambiwa na sauti, na mgongo, na hatua za anayembeba. Maneno yana msikilizaji mwingine. Mhakiki asiyemtafuta msikilizaji huyo hana budi kuona kwamba maneno ni mepesi na ya kitoto, na hivyo ndivyo wengi wetu tulivyoona. Tumechagua kulieleza jambo hili kwa bembezi zinazosikika katika Majengo ya Nyeri, kwa sababu huko maneno ya wimbo mmoja hutoka katika lugha zaidi ya moja, na palipo na lugha mbili uchaguzi wa neno huonekana waziwazi zaidi kuliko palipo na moja.

Yafaa kwanza tuseme machache juu ya mahali penyewe. Mji wa Nyeri ulianza kama kituo cha serikali ya kikoloni mwishoni mwa mwaka 1902. Pamoja na Waingereza walikuja askari, wapagazi, wapishi na wachuuzi, wengi wao wakisema Kiswahili na wengi wao wakiwa Waislamu. Wengine walikuwa watu wa pwani, wengine Wanubi, wengine watu wa bara waliosilimu njiani. Baadaye waliungana nao Wagikuyu waliosilimu, na wanawake waliouacha ukoo kwa sababu mbalimbali wakatafuta maisha ya mji. Mitaa iliyokaliwa na watu wa namna hii imepewa jina moja karibu katika kila mji unaouzunguka Mlima Kenya. Kuna Majengo ya Nanyuki, ya Meru na ya Embu, kama ilivyo Majengo ya Pumwani huko Nairobi. Jina lenyewe halisemi kitu ila kwamba hapa pamejengwa; haliwataji waliojenga.

Wataalamu wa isimu wameizoea kanuni kwamba wenyeji wa Kiswahili wako pwani na visiwani, na kwamba bara ni mahali pa lugha ya pili. Kwa jumla kanuni hiyo ni kweli. Lakini mtoto aliyezaliwa Majengo hakungoja kwenda shule ndipo akutane na Kiswahili. Kama wazazi wake ni Waislamu, sauti ya kwanza kutiwa sikioni mwake kwa makusudi ilikuwa adhana, kwa Kiarabu. Ya pili, katika siku arobaini za kukaa ndani na mama yake, ilikuwa ya nyanya akimbembeleza kwa Kiswahili chenye lafudhi ya mlimani, akichanganya na Kigikuyu. Tukiuliza lugha ya mama ya mtoto huyu ni ipi, jibu la sensa litakuwa moja na jibu la usiku wa manane litakuwa jingine.

Kiswahili kina maneno mengi kwa tendo hili. Kuna kubembeza na kubembeleza, kuna kupembeza, kuna kutumbuiza, kuna kuliwaza. Kubembeza na kupembeza kunataja mwendo, yaani kuyumba huku na huku. Kuliwaza kunataja moyo. Kutumbuiza kunataja sauti. Kigikuyu husema kũhooreria, yaani kutuliza, neno linalotumika pia kwa mtu mzima aliyefikwa na huzuni au hasira. Ni jambo la kuangaliwa kwamba neno tulilolichagua kuwa istilahi, bembezi, ni lile linalotaja mwendo. Waliolitunga hawakuanza na maneno ya wimbo; walianza na kuyumba. Mulokozi alipopanga tanzu za fasihi simulizi katika Mulika mwaka 1989 alisisitiza kwamba utanzu hauwezi kutambuliwa kwa umbo la maneno pekee, bali pia kwa namna na muktadha wa uwasilishaji wake. Mafunzo hayo tumeyakubali kwa utendi na kwa ngano. Kwa bembezi tumeyasahau, labda kwa sababu jukwaa la bembezi ni chumba cha kulala na mhakiki hakualikwa.

Basi tuutazame uwasilishaji wenyewe. Mtoto mchanga katika miezi mitatu ya kwanza hulala takriban saa 14 hadi 17 katika siku nzima, lakini hulala kwa vipande vifupi, akiamka kila baada ya saa mbili au tatu kunyonya. Hajui usiku wala mchana. Mwili wake huanza kuzitenganisha nyakati hizo kati ya mwezi wa pili na wa nne. Kwa hiyo kumlaza si kazi ya jioni moja, ni kazi ya zamu, inayorudiwa mara nyingi kwa siku na kuvunja usingizi wa mtu mzima. Nyeri iko katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,700, na miezi ya Juni na Julai huwa ya baridi na manyunyu. Mtoto hawezi kuachwa mbali na mwili wa mtu. Hubebwa mgongoni kwa mbeleko, ambayo Wagikuyu huiita ngoi, zamani ikiwa ya ngozi na sasa ikiwa leso au shuka. Neno mbeleko limetokana na kueleka. Na pwani mbeleko ni pia jina la zawadi ambayo bwana arusi humpa mama wa bibi arusi, kama malipo ya mgongo uliombeba binti. Pwani walijua kwamba mgongo una deni.

Mlezi humfunga mtoto, akasimama, akatembea. Hatua ni fupi na za mfululizo, kutoka mlangoni hadi jikoni na kurudi. Wimbo huanza baada ya hatua kuanza, wala si kabla. Kwanza huja milio isiyo maneno, irabu ndefu zinazotolewa puani, maneno hufuata. Kilio kikipungua, hatua hupungua. Mtoto akilegea, mlezi huketi bila kumfungua, akaendelea kuyumba kiunoni tu. Hapo sauti hushuka, maneno huachwa moja moja, na milio ile ya mwanzo hurudi. Baada ya muda ndipo mtoto hufunguliwa na kulazwa. Mlezi anayefanya haraka hapa, akamshusha mtoto mara tu macho yanapofumba, hulazimika kuanza tena.

Mambo haya ambayo kila nyanya wa Majengo anayajua yamepimwa katika maabara hivi karibuni. Mwaka 2013 kundi la watafiti wa Kijapani, Kumi Kuroda akiwa miongoni mwao, lilionyesha kwamba mtoto mchanga anapobebwa na mtu anayetembea, mapigo ya moyo wake hupungua na kilio hupungua, tofauti na anapobebwa na mtu aliyeketi. Mwaka 2022 kundi hilo lilitoa hata kipimo: kumbeba na kutembea kwa dakika tano, kisha kuketi naye dakika tano hadi nane akiwa amelala, ndipo alazwe. Nyanya hana saa ya kuhesabia dakika hizo. Ana wimbo. Kama wimbo una sehemu ya kutembea na sehemu ya kuketi, basi umbo lake limepimwa na usingizi, na ni umbo kamili kama lilivyo umbo la shairi lenye mizani na vina. Wimbo wa kutwanga hufuata mchi. Wimbo wa kuvuta jahazi hufuata kamba. Huu hufuata mgongo. Ni wimbo wa kazi. Kuutia katika fungu la nyimbo za watoto ni sawa na kuutia wimbo wa kutwanga katika fungu la nyimbo za mahindi.

Sasa tuje kwenye maneno. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard ambamo watoto wachanga wa Marekani walisikilizishwa bembezi za jamii za mbali, katika lugha ambazo hawakuwahi kuzisikia, pamoja na nyimbo nyingine za jamii hizohizo zisizo bembezi. Walitulia zaidi kwa bembezi, na mioyo yao ilipiga polepole zaidi. Haidhuru bembezi ilitoka wapi. Hatuchukui matokeo haya kuwa na maana kwamba mtoto hajali anayemwimbia. Tangu mwaka 1980, DeCasper na Fifer walikwisha onyesha kwamba mtoto wa siku chache tu huichagua sauti ya mama yake akaiacha ya mwanamke mwingine. Lakini sauti si maneno. Mtoto huyu anajua nani anaimba, na anajua mwendo wa lahani, hajui kinachosemwa. Ikiwa ni hivyo, mhakiki anakabiliwa na swali ambalo haliepukiki. Kwa nini maneno yapo? Milio ya puani ingalitosha. Na kwa nini maneno yenyewe, mara nyingi, si matamu?

Maana si matamu. Yeyote aliyezisikiliza kwa makini bembezi za Majengo, au za Wagikuyu wa vijijini, ataona kwamba nyingi si za sifa wala za mapenzi. Mlezi humuuliza mtoto ni nani aliyempiga, hali akijua kwamba hakupigwa na mtu. Humwambia kwamba mama amekwenda shambani au sokoni na amekawia. Hutaja chakula kilichoko na kisichokuwako. Humtishia kwa fisi. Humwahidi kitu ambacho mwenyewe hana uwezo wa kukitoa. Mara nyingine husema wazi kwamba amechoka, kwamba mgongo unamuuma, kwamba wenzake wanacheza nje. Vitabu vyetu, vinapokutana na maneno ya namna hii, huyaeleza kuwa ni vitisho vya kumnyamazisha mtoto au ni mapokeo ya ucheshi. Maelezo hayo hayatoshi, kwa kuwa yanashikilia bado kwamba mtoto ndiye anayeambiwa.

Tukumbuke nani aliyekuwa akiimba. Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya fasihi simulizi ya Afrika, alikwisha tahadharisha kwamba bembezi, ijapokuwa inaonekana kuwa mmiminiko wa kawaida wa hisia za mama, huongozwa na desturi na muundo wa jamii, hasa swali la nani anayemlea mtoto. Katika nchi ya Wagikuyu mlezi wa mchana aghalabu hakuwa mama. Alikuwa msichana, dada wa mtoto au binti wa jamaa, aitwaye mũreri. Neno hili ni ndugu wa mlezi wa Kiswahili, kwa kuwa rera ya Kigikuyu na lea ya Kiswahili ni mzizi mmoja. Herbert na Gloria Leiderman, waliochunguza malezi ya watoto wachanga katika jamii moja ya Wagikuyu na kuchapisha matokeo yao katika miaka ya 1970, walieleza kwa kirefu jinsi mtoto alivyolelewa na zaidi ya mtu mmoja, mama akiwa na mashamba na kazi zake. Katika Nyeri ya mashamba ya kahawa jambo hilo lilikuwa la lazima zaidi. Aliyeimba, basi, alikuwa mara nyingi mtoto mkubwa aliyembeba mtoto mdogo, katika nyumba ambayo hakuwa na sauti yoyote nyingine ya kusikilizwa.

Msichana huyu hawezi kumwambia mama wa mtoto kwamba amekawia. Hana adabu ya kusema hivyo, wala hana nafasi. Lakini anaweza kumwambia mtoto, kwa sauti inayosikika uani. Katika Majengo nyumba nyingi za zamani zilikuwa za udongo na mabati, zenye vyumba vilivyopangana pande mbili za ujia mmoja, kila chumba na mpangaji wake. Anachoimbiwa mtoto katika chumba cha tatu hufika chumba cha kwanza. Jirani husikia, mama akirudi huambiwa, au husikia mwenyewe kabla hajasukuma mlango. Mtoto amekuwa kama bahasha, barua ni ya mtu mwingine. Na kwa sababu maneno yameelekezwa kwa asiyeweza kuyafahamu, mwimbaji hawezi kushtakiwa kwa kuyasema.

Hila hii si ngeni katika fasihi ya Kiswahili. Katika Utenzi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, shujaa aliyefungwa gerezani humpa kijakazi Saada ujumbe wa mafumbo aupeleke kwa mama yake, naye mama akaoka mkate wenye tupa ndani. Walinzi wanaona kijakazi na chakula, hawaoni zaidi. Tumbuizo, jina lilelile linalotokana na kumliwaza mtoto kwa sauti, ndilo pia jina la tungo ndefu za ngoma ya gungu ambazo mapokeo yanazihusisha na Liyongo huyo. Hatutaki kumfanya mũreri wa Majengo kuwa Liyongo. Twasema tu kwamba wahakiki waliokubali kusoma fumbo katika wimbo wa mfungwa hawana sababu ya kukataa kulisoma katika wimbo wa msichana mwenye mtoto mgongoni.

Hapa ndipo suala la lugha linapoingia, na hapa ndipo tunapotofautiana kabisa na wenzetu wanaokusanya nyimbo hizi na kuzisafisha kabla ya kuzichapisha. Husemwa kwamba bembezi za miji ya bara ni mchanganyiko usio na mpango, kwamba mwimbaji hutumbukiza neno la Kigikuyu anapokosa la Kiswahili. Tuangalie maneno yenyewe yanayobadilishana. Kulala ni lala kwa Kiswahili na koma kwa Kigikuyu. Usingizi, kwa Kigikuyu, ni toro. Kulia ni lia kwa moja na rĩra kwa nyingine. Yote ni ya silabi mbili. Kwa miguu ya mlezi hayana tofauti, kila neno ni hatua mbili. Mwimbaji aweza kutoka lugha moja kuingia nyingine bila mtoto kuhisi kwamba mwendo umevunjika. Hakukosa neno, alikuwa na maneno mawili yenye uzito mmoja, akachagua.

Kuna tofauti moja kubwa kati ya lugha hizi, nayo haiko katika msamiati. Kigikuyu ni lugha ya toni. Kupanda na kushuka kwa sauti hutofautisha maana, na lahani ya wimbo hailiachi jambo hilo lipite bila kulijali. Kiswahili kimepoteza toni, kikabaki na mkazo, ambao kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo mwimbaji wa Majengo anapotia maneno ya Kiswahili katika lahani iliyoletwa kutoka kijijini, lahani huwa huru zaidi kuliko ilivyokuwa, lakini hatua huwa na nguvu zaidi, kwa kuwa mkazo hukutana na mguu. Sikio lililozoea zote mbili husikia kwamba sehemu za Kiswahili hutembea na sehemu za Kigikuyu huelea. Tumesikia zaidi ya mara moja kwamba sehemu ya kuketi, ile ya mwisho, hurudi Kigikuyu. Hatudai kwamba ni kanuni. Lakini aliyesafisha wimbo akautia wote katika lugha moja hatapata hata nafasi ya kuliuliza swali hilo.

Mfano ulio dhahiri zaidi ni wa kiambishi kimoja. Mwimbaji wa Majengo hasemi kitoto. Husema katoto, na wakiwa wengi, tutoto. Mhariri aliyesomea Kiswahili Sanifu hulikata neno hili kwa kalamu nyekundu, kwa sababu ngeli ya ka- na tu- haimo katika sarufi ya usanifishaji ulioanza rasmi mwaka 1930 na kuegemea lahaja ya Unguja. Udogo huonyeshwa kwa ki- na vi-. Huo ni ukweli wa sarufi. Lakini tumfikirie mwimbaji ambaye sikio lake lina Kigikuyu pia. Katika lugha hiyo ka- ni udogo wenye upendo: mtoto mchanga ni kaana, na mtu mdogo ni kamũndũ. Kĩ-, kwa upande wa pili, ni ukubwa, na ukubwa huo mara nyingi una ubaya ndani yake: kĩmũndũ si mtu mrefu tu, ni mtu mkubwa asiyependeza. Kumwita mtoto aliye mgongoni kwa kiambishi kinachosikika kama ki- ni kumfanya jitu. Na hata ndani ya Kiswahili chenyewe ki- haina usafi wote tunaoudhania. Ndiyo ya kijitu cha dharau, na ndiyo ya kilema, kiziwi na kipofu. Ka- haina historia hiyo.

Katoto na kitoto yana silabi sawa, mkazo sawa, mwendo sawa. Mtoto hawezi kuzitofautisha kimaana, wala usingizi wake hautatofautiana. Mizani haikumlazimisha mwimbaji. Kilichobaki ni hisia yake yeye na hisia ya wale wanaomsikia uani, nao wote wanajua ki- ni nini na ka- ni nini. Basi kalamu nyekundu haikusahihisha kosa. Ilifuta uamuzi wa msanii, tena ule mmoja ambao hatuwezi kuueleza kwa sababu nyingine yoyote isipokuwa usanaa. Tungemfanyia hivyo mshairi wa Mombasa aliyeandika kwa Kimvita? Hatungethubutu, tungeandika tanbihi na kumsifu kwa kuhifadhi lahaja. Mwanamke wa Majengo hatumpi tanbihi kwa sababu tumekwisha amua kwamba lugha yake si lahaja bali ni upungufu.

Yawezekana msomaji atasema kwamba tunaukuza mno wimbo wa dakika kumi. Tungemjibu kwamba mazingira ya wimbo huo yanabadilika mbele ya macho yetu, na kwamba kinachobadilika kwanza ni huyu msikilizaji wa pili. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 na elimu ya msingi bila malipo iliyoanza mwaka 2003 zilimtoa msichana mlezi nyumbani zikampeleka shuleni, na hakuna mtu mwenye akili atakayelilalamikia jambo hilo kwa ajili ya fasihi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ilimpa mama aliyeajiriwa miezi mitatu ya likizo ya uzazi yenye malipo. Mwezi wa tatu ni wakati uleule ambao mtoto anaanza kujua usiku, naye mama anarudi kazini. Anayeachiwa mgongo ni yaya wa kuajiriwa, ambaye katika Nyeri ya leo aweza kuwa ametoka Kakamega au Kitui. Yeye huleta lahani yake na lugha yake. Kiswahili, kwa mara ya kwanza, si moja ya lugha mbili za nyumba. Ndiyo lugha pekee ambayo yaya na mama wanafahamiana kwayo. Yaya akitaka mama asisikie, ataimba kwa lugha ya kwao. Akitaka asikie, ataimba kwa Kiswahili. Uchaguzi wa lugha katika bembezi umekuwa uchaguzi wa msikilizaji, bila pazia. Tena kuna simu ya mkononi inayowekwa kando ya kitanda ikiimba nyimbo za kulalia zilizorekodiwa mbali. Mtoto hutulia nayo, kama utafiti ulivyotuonyesha kwamba angetulia. Lakini hiyo haina mgongo unaouma, na haina la kumwambia mtu yeyote.

Ndiyo maana tunapendekeza kwamba anayekusanya bembezi aandike, kabla ya neno la kwanza, mambo matatu ambayo mikusanyo yetu mingi haina: nani amembeba mtoto na ana uhusiano gani naye, mama wa mtoto yuko wapi wakati ule, na nani mwingine aliyekuwa akisikia. Kisha aandike maneno kama yalivyotamkwa, na ka- yake. Wanjiku Mukabi Kabira na Karega Mutahi, katika mkusanyo wao wa fasihi simulizi ya Wagikuyu wa mwaka 1988, walitufungulia njia kwa kuziweka nyimbo katika lugha zilimoimbwa. Hatua inayofuata ni kuziweka pia katika nyumba zilimoimbwa.

Jambo moja zaidi linahitaji kutajwa, nalo lilimshinda mwandishi wa makala haya alipojaribu kwa mara ya kwanza kunasa bembezi kwa chombo cha kurekodia, katika chumba kimoja cha Majengo, mchana, pasipo mtoto. Bibi aliyeombwa kuimba alianza akasita. Alisema hajui wimbo unaenda wapi. Akasimama, akachukua shuka iliyokuwa kitandani, akaikunja, akajifunga mgongoni, ndipo maneno yakaja, Kiswahili kwanza. Aliimba kwa muda mrefu kuliko tulivyotazamia, akienda mlangoni na kurudi. Tulipomwuliza kwa nini hamalizi, alishangaa. Wimbo huu hauna beti ya mwisho, alisema. Anayejua ulipoishia ni yule aliye mgongoni, na shuka haisinzii.